Yav si Yavu

Katika ukurasa huu tunataka kusema juu ya majina ya watu na namna ya kuyatamka. Labda mtu atasema: hilo ni neno dogo. Tunaomba asome mpaka mwisho.

Mambo yalianza katika kipindi cha historia. Tulikuwa tunajifunza jinsi Moïse Tshombe, mzaliwa wa hapa kwetu Musumba, alivyotangaza tarehe 11 Julai 1960 kwamba Katanga imejitenga, na jinsi askari wa Umoja wa Mataifa walivyokuja. Kati yao walikuwamo watu wa Ireland. Zaidi ya 150 walizingirwa kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, katika Septemba 1961, wakapigana siku tano mpaka maji na risasi vikawaishia. Na mkubwa wa jeshi lote la Umoja wa Mataifa katika Kongo wakati ule alikuwa naye mtu wa Ireland, Jenerali Seán Mac Eoin.

Mwenzetu mmoja akasoma kwa sauti: "Se-an." Mwalimu akasema: "Hapana. Ni Shoon." Kalasi yote ikacheka. Mmoja akauliza: "Mwalimu, sasa ile sh inatoka wapi? Bale bantu banaandikaka namna gani?"

Mwalimu akachukua chaki akatueleza. Katika lugha ya Ireland, s ikikaa karibu na e au i inatamkwa sh. Alfabeti yao ya zamani ina herufi 18 tu, na v haimo. Basi sauti ya v wanaiandika bh au mh. Kwa hiyo msichana anayeandikwa Niamh anaitwa Niiv, na yule anayeandikwa Siobhán anaitwa Shivoon. Zamani waliweka nukta juu ya herufi kuonyesha kwamba imelainika, baadaye wakaweka h pahali pa nukta. Kumbe si fujo, ni sheria. Aliyefundishwa sheria ile anasoma bila shida.

Tena akatuambia jambo lingine. Waingereza waliotawala inchi ile waliandika majina kwa sikio lao. Pahali panapoitwa Dún na nGall wao waliandika Donegal. Hata yule jenerali, vitabu vingine vinamwandika McKeown. Mtu ni mmoja, majina ni mawili.

Tulitoka mle tukicheka watu wa Ireland. Lakini kesho yake, asubuhi, wakati wa apeli, mwalimu mmoja mgeni aliita: "Yavu!" Kimya. "Yavu hayuko?" Sauti ikatoka nyuma: "Niko, mwalimu. Lakini hapana Yavu, ni Yav." Kalasi ikacheka tena. Safari hii waliocheka ni wale waliokuja kutoka Kolwezi na Lubumbashi. Wenyeji wa hapa walinyamaza. Sisi tunaoandika tuko wa pande zote mbili: kati yetu kuna aliyecheka, na kuna aliyechekwa. Ndiyo sababu tumekaa pamoja kuandika.

Ndugu zetu mnaotoka mbali, sikieni. Kiswahili kinapenda kumaliza neno kwa a, e, i, o, u. Kiruund, lugha ya hapa, mara nyingi kinaiacha ile vokali ya mwisho. Hiyo nayo ni sheria, sawasawa na ile ya Ireland. Ndiyo maana mfalme wetu ni Mwant Yav, lakini wengine wanaandika Mwata Yamvo, na Wareno wa Angola waliandika Muatiânvua. Yule mwindaji mkubwa wa habari za wazee, aliyetoka Buluba akamwoa malkia Ruwej, wengine wanamwita Chibinda Ilunga. Sisi tunamwita Chibind Yirung. Sanamu yake iliyochongwa na Wachokwe iko katika makumbusho ya Berlin. Mtoto wa Musumba akiiona kule na kusoma jina lililoandikwa, labda atapita bila kujua kwamba ni babu yake. Na Wabelgiji waliandika Tshombe kwa tsh, kwa sababu katika Kifaransa ch peke yake inasomwa sh. Kila mmoja aliandika kwa sikio lake.

Sasa mtu atatujibu: "Lakini hata Biblia inabadilisha majina. Jean, John, Yohana, wote ni jina moja." Ni kweli, tena tumejifunza kwamba Seán na Eoin yote mawili ni Yohana. Yaani yule jenerali alikuwa Yohana mwana wa Yohana! Hatukatai. Jina likisafiri kutoka lugha mpaka lugha, linavaa nguo za pale lilipofika. Lakini mtu aliye hai mbele yako, anayekuambia kwa kinywa chake, "Mimi naitwa hivi," huyo usimvalishe nguo nyingine kwa nguvu.

Biblia yenyewe inatuonya. Someni Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi walikaa kwenye vivuko vya Yordani, na kila aliyepita walimwambia atamke neno moja tu, Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kusema sh, alisema s, basi wakamuua. Walikufa watu 42,000. Ulimi ulikuwa kosa lao. Kicheko cha kalasi hakiui mtu, lakini kinatoka katika mzizi uleule: yule hasemi sawa na sisi, basi si mwenzetu.

Kuna hasara nyingine tena, ya karatasi. Mkubwa wa mmoja wetu aliitwa Kapend tangu kuzaliwa. Pahali fulani mwandishi aliongeza a, na diploma yake ikatoka kwa jina la Kapenda. Alipokwenda kutafuta kazi, waliweka diploma na cheti cha kuzaliwa pamoja juu ya meza, wakamwuliza: "Wewe ni nani kati ya hawa wawili?" Alizunguka miezi mingi na kulipa makuta mengi kwa ajili ya herufi moja. Kazi ilikwisha kuchukuliwa na mwingine.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, katika juma la kwanza la mwaka, kila mwanafunzi aseme jina lake mwenyewe, na mwalimu aliandike kwenye tablo kama alivyosikia na kama lilivyo katika cheti. La pili, kabla majina ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho hayajapelekwa kwa mtihani wa serikali, kila mmoja aonyeshwe jina lake, alisome herufi kwa herufi, atie sahihi. Kazi hiyo haichukui hata asubuhi nzima. La tatu ni letu wanafunzi: tuache kucheka. Asiyejua aulize, "Ndugu, jina lako linasemwa namna gani?" Kuuliza si haya.

Na ninyi mnaotoka mbali, msifikiri ni nyinyi tu mnaokosa. Hata jina la pahali hapa tumeliongezea vokali. Wazee wanasema musumb, ndiyo makao ya mfalme. Sisi wote, wenyeji na wageni, tunaandika Musumba juu ya kaye zetu kila siku. Wazee wametuvumilia. Basi na sisi tuvumiliane, tukifundishana taratibu, jina kwa jina.