Minyoo kwenye tangi la samaki? Punguza msosi!

Wiki hii tunaingia sebuleni. Vijana wengi wakishapata chumba na sebule, wakamaliza habari ya redio na TV, kinachofuata ni tangi la samaki. Na kweli linapendeza ile mbaya, hasa usiku taa yake ikiwaka.

Kasheshe huanza samaki wakizaa. Mimi yalinikuta.

Nilikuwa na gapi, wale samaki wadogo wenye mikia kama kanga mpya. Gapi hatagi mayai, anazaa, na mimba yake ni kama mwezi mmoja hivi. Jike langu likaangusha watoto zaidi ya 20. Mpwa wangu ninayekaa naye akasema hao ni wake. Tukawatafutia tangi lao, maana gapi wakubwa hawana haya, hula hata watoto wao wenyewe.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, dogo akaja mbio: "Shikamoo mjomba! Tangi limeota nywele!"

Nikachungulia. Vijiminyoo vyeupe, vyembamba kama uzi, vinajinyonganyonga majini na kupanda kwenye kioo. Presha ikapanda.

Hapo ndipo nilipochemsha. Nikachukua dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikamimina kifuniko kimoja tu. Jioni minyoo yote ilikuwa imekufa. Na samaki wote pia.

Dogo hakulia. Aliniuliza tu: "Mjomba, kwani ile minyoo ilikuwa inawala?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo: hapana, haikuwa inawala.

Minyoo ile myembamba kama nywele haikai tumboni mwa samaki, wala haimdhuru mtu. Inakula mabaki ya chakula na kinyesi kwenye changarawe. Ukiiona imejaa, ujue wewe unalisha kupita kiasi. Tena vifaranga vya samaki vikiona kamnyoo kadogo, vinakameza kama njugu!

Noma yenyewe ni yale mabaki. Yakioza yanatoa amonia, na hiyo ndiyo inayoua watoto wa samaki. Na ukiona minyoo inakimbilia juu ya maji, huenda hewa imepungua chini. Ongeza nguvu ya pampu haraka.

Ila kuna mwingine, mnyoo bapa. Huyu hajinyonganyongi, anateleza taratibu kwenye kioo, ana kichwa kama mshale na macho mawili. Anakula mayai na anaweza kusumbua vifaranga vilivyo dhaifu. Usimpasue kwa wembe, maana kila kipande kinaweza kuota mnyoo mzima! Mtege usiku: weka kijinyama kwenye kichupa chenye tundu dogo ambalo samaki hapiti, asubuhi toa kichupa na wageni wako.

Sasa fanya hivi:

Kwanza, punguza msosi. Vifaranga vipe kidogo kidogo mara tatu kwa siku, kiasi cha kumalizika kwa dakika mbili. Kama unawapa kiini cha yai, iwe chembe tu, kwani kinachafua maji upesi.

Pili, nyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, kama mafundi wanavyonyonya petroli. Lakini wewe ujaze mpira maji kwanza, usitie mdomo. Maji yaangukie kwenye beseni jeupe. Kabla ya kuyamwaga angalia vizuri, utakuta kifaranga kimoja au viwili vimepita. Virudishe kwa kikombe.

Tatu, badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, usibadilishe yote. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke.

Nne, sponji ya chujio isuuze kwenye maji uliyotoa tangini, usiipeleke bombani. Ndani yake kuna bakteria wazuri wanaopunguza ile amonia, na klorini itawamaliza.

Dawa za minyoo za dukani? Usizikimbilie. Nyingine zinaua hata konokono wako, na maiti zikioza, amonia inapanda tena.

Bahati nzuri jike langu lilizaa tena. Jike la gapi hutunza mbegu za dume mwilini, hivyo anaweza kuzaa tena bila kukutana na dume. Minyoo nayo ikarudi! Safari hii hatukumwaga kitu. Tulipunguza msosi, tukavuta uchafu, na baada ya wiki kama tatu kioo kilikuwa safi. Vifaranga sasa vina mikia yenye rangi.

Siku hizi mlishaji mkuu ni dogo. Nikisogea na kopo la chakula ananiangalia kwa jicho la pembeni: "Mjomba, huo umezidi."

Narudisha mkono. Tukutane wiki ijayo!