Bei Iwe Swali la Mwisho

Wenzangu, wengi wetu hapa Kyambogo twatamani kujiundia kompyuta ya michezo kwa fedha kidogo. Kinachotuponza si umaskini, ni haraka. Likizo iliyopita nilinunua mjini bodi ya AM4 kwa kuwa ilikuwa rahisi, kisha prosesa ya AM5. Haikuingia! Bodi ya AM4 ina matundu 1331 ya kupokea pini. Prosesa za AM5, zilizoanza kuuzwa mwaka 2022, hazina pini hata moja. Tena AM4 hutumia ramu za DDR4, na AM5 hutaka DDR5 tu. Muuzaji hakunidanganya, mimi sikuuliza. Basi, ndugu zangu, kabla hamjapanda taksi, chagueni bodi na prosesa zinazopatana, ziandikeni, na vipande vingine vizifuate.