Nani Apange Skrini ya Zahanati?

Katika Wilaya ya Handeni ipo kata iitwayo Kwamsisi. Ukivuka kwenda Korogwe utalisikia jina hilo hilo. Kwa mwenyeji wa Tanga jambo hili halina utata: atauliza, "Kwamsisi ipi, ya Handeni au ya Korogwe?" na mazungumzo yataendelea. Sasa mfikirie mtu aliyeketi ofisini Dar es Salaam au Dodoma, akiandaa orodha ya vijiji itakayojitokeza kwenye kishikwambi cha zahanati. Huyu hana sababu ya kujua kwamba jina ni moja na mahali ni pawili. Ataandika "Kwamsisi" na kusonga mbele. Miezi kadhaa baadaye, mama mjamzito aliyeacha kuhudhuria kliniki atatafutwa na mhudumu wa afya wa upande usio wake, ambaye atajibu, kwa haki kabisa, kwamba mtu huyo hayupo kijijini kwake.

Sisemi kwamba kosa hili limekwisha kutokea katika mfumo fulani. Nimelitoa kama mfano kwa sababu muuguzi yeyote wa huko angeligundua kwa dakika moja, kabla programu haijasambazwa. Ninachouliza ni kwamba muuguzi huyo huwa wapi wakati skrini inapangwa.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuzuia makosa ya namna hii. Kwa Kiswahili tumeanza kuwaita wasanifu wa uzoefu wa mtumiaji, jina refu ambalo sina hakika kama litadumu. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Humtazama mtu anapotumia kifaa, fomu au programu, hubaini anapokwama, kisha hukibadilisha kitu chenyewe na kumtazama tena. Kwetu kazi hii, pale inapofanyika, kwa kawaida huachiwa maafisa TEHAMA na kampuni zinazoandika programu. Kwa maoni yangu utaratibu huo una kasoro, na marekebisho yake yanaanzia katika vyuo vya tiba kama hiki chetu.

Tukichunguza waasisi wa taaluma hii walitoka wapi, tutaona kwamba haijapata kuwa mali ya watu wa kompyuta pekee. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 walikuwa na tabia ya ajabu: baada ya kutua salama, waliikunja miguu ya ndege ikiwa bado uwanjani, nayo ikalala kwa tumbo. Wakuu walilaumu uzembe. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia aliyeajiriwa katika maabara ya tiba ya anga ya jeshi hilo, aliangalia chumba cha rubani na kukuta swichi mbili zinazofanana zimekaa jirani, moja ya magurudumu na nyingine ya vibawa vya kutulia. Alipendekeza swichi ya magurudumu ibandikwe kigurudumu kidogo cha mpira, na ya vibawa ibandikwe kipande chenye umbo la kibawa, ili mkono uitambue hata jicho lisipotazama. Kosa lile likakoma.

Wengine walikuja kwa njia za mbali zaidi. John Karlin, mzaliwa wa Johannesburg, alisomea falsafa, muziki na saikolojia, na alikuwa mpiga fidla. Ndiye aliyeongoza kikosi cha Bell Labs kilichopima, kwa majaribio na watu, vitufe vya simu vipangwe vipi. Simu za vitufe zilipoingia sokoni mwaka 1963 zilikuwa na 1, 2 na 3 katika mstari wa juu. Mpangilio huo ndio ambao mama lishe wa Mkata anaubonyeza leo anapotuma fedha kwa simu. Lucy Suchman, mwanaanthropolojia, aliwarekodi kwa video wanasayansi waliobobea wa kompyuta wakishindwa kutumia mashine mpya ya kutolea nakala ya kampuni ya Xerox. Donald Norman, aliyejiunga na Apple mwaka 1993 na kulipa jina hili la "uzoefu wa mtumiaji" umaarufu wake, alianza kama mhandisi wa umeme, kisha akawa mwanasaikolojia. Ukiwaketisha watu hawa meza moja, hutapata shahada ya kwanza inayowaunganisha. Walichoshirikiana ni mazoea ya kumtazama mtu akifanya kazi bila kuharakisha kumlaumu.

Fani yangu, ya usingizi na ganzi, ilinufaika na mazoea hayo mapema. Kwenye mashine ya usingizi, kirungu cha kuongezea oksijeni ni kikubwa kuliko vya gesi nyingine, kimechomoza zaidi, na kina mifereji mizito ambayo vidole huihisi gizani. Ni wazo lile lile la Chapanis, limehamia chumba cha upasuaji. Kila mtungi mdogo wa gesi una matundu mawili shingoni, na mashine ina pini mbili za kuyaingia. Pini za oksijeni hazikubali mtungi wa naitrasi oksaidi hata ukilazimisha. Sijui semina iliyookoa watu wengi kuliko pini hizo mbili. Mwaka 1978 Jeffrey Cooper, mhandisi aliyefanya kazi na madaktari wa usingizi katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, alichapisha pamoja na wenzake utafiti wa ajali za usingizi zilizoweza kuepukika, kwa kutumia mbinu ya mahojiano iliyoasisiwa katika uchunguzi wa urubani. Mhandisi peke yake asingejua aulize nini, na madaktari peke yao wasingejua waulize vipi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Kiafrika, na hauna umeme wala kompyuta. Mwaka 1954 daktari Emanuel Friedman wa New York alichora mchirizi unaoonyesha jinsi njia ya uzazi inavyofunguka kadiri saa zinavyopita. Ulikuwa mchoro wa kitaalamu kwa wataalamu. Mnamo 1972, R. H. Philpott na W. M. Castle, waliokuwa wakifanya kazi Salisbury, mji ambao leo ni Harare, walikabiliwa na swali tofauti: mkunga aliye peke yake katika kliniki ya mbali, atajuaje kwamba uchungu huu umezidi muda na mama apelekwe hospitali sasa? Wakauchukua mchoro na kuuwekea mistari miwili. Mmoja ni wa tahadhari. Wa pili, uliosogezwa saa nne kulia, ni wa kuchukua hatua. Alama za mkunga zikivuka mstari wa kwanza, gari liitwe.

Kila mkunga wa Tanzania anaijua karatasi hiyo, ni patografu. Sisi huifundisha kama somo la uzazi, nasi hatukosei, ila ni somo la usanifu pia. Philpott alikuwa daktari bingwa wa uzazi, na aliyemlenga alikuwa mkunga wa kliniki ya mbali mwenye kalamu moja, mwenye mama anayelia, na mwenye saa chache za kuamua. Shirika la Afya Duniani lilipoirekebisha mnamo mwaka 2000 liliiondoa awamu ya mwanzo ya uchungu, kwa kuwa ilikuwa ikiwasumbua wajazaji, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kumhudumia mama wakati wa uchungu, wenye sura nyingine kabisa. Karatasi moja imefanyiwa kazi kwa takriban miaka hamsini, na bado wakunga wana la kusema juu yake. Ni programu ngapi za zahanati zetu zilizopata bahati ya kurudiwa hata mara tatu?

Tuje nyumbani. Tangu miaka ya 1990 kituo cha afya cha Tanzania kimeishi na vitabu vya MTUHA: Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, na wenzao. Juu ya vitabu hivyo ikaja mifumo ya kompyuta, GoTHOMIS vituoni na DHIS2 katika kujumlisha taarifa za wilaya, mkoa na taifa. Hii DHIS2 ina nasaba inayostahili kukumbukwa. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ambako wanaharakati wa afya ya jamii walifanya kazi bega kwa bega na wataalamu wa kompyuta kutoka Norway. Nao Wanorwe walikuwa warithi wa Kristen Nygaard, mwanahisabati ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wenyewe wawe na sauti kuhusu mitambo ya kompyuta iliyokuwa ikiletwa viwandani mwao. Kwa hiyo mfumo tunaoutumia umezaliwa na imani kwamba mtumiaji ni mmoja wa wasanifu. Tumeupokea mfumo, imani hiyo sioni kama tumeipa nafasi ya kutosha.

Kinachofanyika mara nyingi ni kikao cha wadau. Muuguzi mmoja au wawili hualikwa, programu ikiwa imekamilika, huonyeshwa skrini ukutani kwa projekta, huulizwa kama wameridhika, husema ndiyo, husaini mahudhurio. Nani angesema hapana mbele ya mganga mkuu wa wilaya yake? Hapo hajatazamwa mtu akifanya kazi. Muuguzi huyo angetazamwa Jumatatu asubuhi, siku ya kliniki, jua likimulika kioo, watoto wakilia kwenye mzani, ndipo ingeonekana kwamba anaandika kwanza kitabuni, kisha kwenye kadi ya mama, na kishikwambi anakijaza jioni kwa kukumbuka. Ingeonekana pia kwa nini wazee wengi katika mifumo yetu wamezaliwa tarehe 1 Januari: skrini inakataa kusonga bila tarehe kamili, na bibi anachokijua ni kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Kwa mtunza takwimu hiyo ni dosari ya mjazaji. Kwangu mimi ni swichi mbili zinazofanana.

Nitajibiwa kwamba dawa ni mafunzo, na kwa kweli dawa hiyo ndiyo inayoandikwa kila mara. Siipingi kwa ujumla. Ila mafunzo hufifia, na wauguzi huhamishwa, ilhali skrini mbovu hubaki pale pale ikimsubiri mgeni. Nitajibiwa vilevile, na hoja hii ni nzito zaidi, kwamba hatuna wauguzi wa kutosha wodini, sembuse wa kuketi na waandishi wa programu. Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme skrini inapoteza dakika mbili kwa kila mgonjwa, na muuguzi anahudumia wagonjwa 40 kwa siku. Hizo ni dakika 80, zaidi ya saa nzima, kila siku, katika kila zahanati inayotumia skrini hiyo. Muuguzi mmoja aliyetolewa wodini mwaka mzima ili kuziondoa dakika hizo amerudisha wauguzi wengi kazini bila kuajiri hata mmoja.

Nisieleweke kwamba kila muuguzi ni msanifu kwa kuwa tu ni muuguzi. Kuijua kazi ni jambo moja, na kuitazama kazi ya mwingine bila kuingilia ni jambo jingine, linalofundishwa. Na daktari bingwa asijidhanie kuwa mwakilishi wa zahanati. Nikipewa mimi nipange skrini ya Kwamsisi, nitapanga skrini ya hospitali ya rufaa na kuiita ya Kwamsisi.

Hapa ndipo chuo kinapohusika. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uuguzi au ya ukunga anayetaka kuandika tasnifu kuhusu usanifu wa rejista, au wa fomu ya rufaa, au wa kifungashio cha dawa, akubaliwe bila kuulizwa kama hiyo ni tiba. Apewe msimamizi wa pili kutoka saikolojia au TEHAMA, na shamba lake la utafiti liwe zahanati ya kijiji. Gharama yake ni ndogo: nauli, daftari, na ruhusa ya kimaadili.

Lililo gumu zaidi ni cheo. Mkunga wa miaka kumi anayejifunza kazi hii leo hana pa kuajiriwa kama msanifu serikalini. Akibaki wodini ujuzi wake hautumiki. Akitoka, ataitwa afisa mradi wa shirika fulani mpaka mradi uishe, kisha atarudi kituoni kuandika jioni, kwa kukumbuka, kwenye skrini ambayo hakushirikishwa kuipanga. Mapendekezo ya kada mpya hupitia wizarani na Utumishi, na huchukua miaka. Barua ya kwanza inaweza kuandikwa na chuo cha tiba, ikaambatanishwa na tasnifu mbili au tatu zilizokwisha kubadilisha rejista fulani katika wilaya fulani. Handeni pangefaa kwa kuanzia.