Sebule si Nganya: Spika ya Kwanza Iwe ya Maneno

Wacha niseme hii mapema ndio mwenye kukasirika akasirike mapema. Sebule nyingi za huku kwetu, kuanzia Kimbo pale Ruiru hadi Makongeni pale Thika, hazihitaji spika tano na sabuwufa. Zinahitaji spika tatu zimewekwa poa, na mtu mmoja mwenye ataamka akae kwa kila kiti askize.

Najua mshaanza. "Huyu ni msoto unaongea." Zii, wasee. Mimi napenda sauti ya kuzunguka kuliko wengi wenu. Ukiwa na chumba chako, kochi moja katikati na mlango wa kufunga, nunua hata spika saba. Hapa naongea kuhusu sebule ya familia. Pale mathe anatazama habari, shosho amekuja wiki mbili kutoka mashambani, mtoto anafanya homework kwa meza, na wewe unataka filamu ya vita itetemeshe dirisha. Hiyo ni vita ingine kabisa.

Stori huenda hivi. Msee anapata mshahara wa kwanza wa maana. Anaona TV ya wazazi ni ya kitambo, anataka kuwafurahisha. Anapanda mat, anashuka tao, anaingia Luthuli Avenue, anatoka na sanduku kubwa lenye picha ya sebule safi. Kwa hiyo picha kuna sofa moja katikati ya chumba, spika tatu mbele, mbili nyuma na sabuwufa kwa kona. Hiyo ndiyo inaitwa 5.1: spika tano na moja ya besi.

Sasa tazama sebule yenu. Sofa iko katikati? Haiko. Ile seti ya viti vya watu saba imezunguka kuta tatu, na meza ya chai iko katikati. Wageni wakikuja wanatazamana wao kwa wao, hawatazami TV. Hivyo ndivyo tumejipanga, na sioni ubaya, ju sebule yetu ni ya kukaribisha watu kwanza, TV baadaye. Shida ni kwamba mwenye alichora ile picha hakuwa anafikiria nyumba kama hizi.

Hesabu ya 5.1 iko wazi. Ukikaa ukiangalia TV, spika za mbele kushoto na kulia ziwe kama digrii 30 kila upande. Zile za kuzunguka zinaenda digrii 110 hivi, yaani kando yako na nyuma kidogo. Hiyo inafanya kazi kwa mtu mmoja au wawili wenye wako katikati. Mwenye amekaa kwa kiti cha ukutani upande wa kushoto, spika ya nyuma kushoto iko sentimita chache kutoka kwa sikio lake. Wewe unaskia helikopta ikipita juu ya nyumba. Yeye anaskia kelele za helikopta tu, maneno hayaskiki. Na mara nyingi kile kiti cha pembeni ni cha nani? Ni cha shosho.

Hapo ndio hoja yangu iko: pahali unaweka spika panasema nani anahesabika kwa hiyo nyumba.

Kuna stori inasimuliwa kuhusu mhandisi mmoja Mwingereza, Alan Blumlein. Alienda sinema na mke wake, akakasirishwa na kitu kimoja: mwigizaji yuko upande huu wa skrini, sauti inatokea upande ule. Mwaka wa 1931 akaandikisha uvumbuzi wake wa sauti ya njia mbili, ile leo tunaita stereo. Ona chenye kilimsumbua. Hakuwa anatafuta kishindo. Alitaka sauti itoke pale mdomo uko.

Na sisi tunatazama nini? Habari za saa moja. Vipindi vya Kiswahili na vya Gĩkũyũ. Mahubiri. Mechi yenye mtangazaji anaongea dakika 90. Sinema za DJ Afro, na pale utamu wote ni mdomo wake, anavyogeuza jamaa wa kung fu kuwa kijana wa mtaa. Vyote hivyo ni maneno. Tena mingi ya hiyo sauti inakuja kwa njia mbili tu, kushoto na kulia. Kwa hivyo zile spika za nyuma umelipia, mara nyingi ama zinakaa kimya, ama zinarudia yenye iko mbele ndio zionekane ziko kazini.

Spika ya katikati ndiyo spika ya familia. Kwa sinema za 5.1, sehemu kubwa ya mazungumzo inapita hapo. Na ina kazi ingine watu wa duka hawakuambii. Ukiwa na spika mbili tu, mwenye yuko katikati anaskia kama mtu anaongea kutoka kwa TV. Sogea pembeni na ile sauti inakimbilia spika yenye iko karibu na wewe, ju sikio linaamini sauti yenye imefika kwanza. Ukiweka spika moja chini ya TV yenye kazi yake ni maneno, hata mwenye amekaa kando ya mlango anaskia mtu akiongea kutoka kwa uso wake. Kwa chumba chenye viti vimezunguka kuta, hiyo ni kitu kubwa.

So nunua kwa mpangilio huu. Kwanza ya katikati na mbili za mbele, za ukoo mmoja ndio sauti zifanane. Kama pesa ni kidogo, tafuta saundibaa yenye ina spika ya katikati ya kweli. Halafu sabuwufa ndogo. Za nyuma zije mwisho kabisa, kama zitakuja.

Na dukani, usidanganywe na namba. Sanduku likiandikwa wati elfu na kitu, halafu kando yake PMPO, hiyo ni hesabu ya kuuzia tu. Uliza RMS, nguvu yenye spika inaweza kubeba bila kuchoka. Ama geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kinachosema inavuta umeme kiasi gani. Yenye inavuta wati 60 kwa soketi haiwezi kukupatia wati 1,000 mfululizo. Zitoke wapi? Tokeni za stima tunanunua wenyewe, tunajua hakuna stima ya bure.

Kuweka ni bure, na kunasaidia kuliko kuongeza pesa. Toa spika za mbele ndani ya ile kabati ya TV. Zikifungiwa kwa shimo la mbao, sauti inavuma kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Ziwe sawa kutoka TV kila upande, zifike usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Ya katikati ivute mpaka ukingo wa rafu, uiinue mbele kidogo iangalie nyuso za watu, isiangalie magoti. Kama mathe lazima aweke kitambaa, kile cha kushonwa kwa uzi chenye mashimo hakina shida sana. Kizito kinameza sauti nyembamba, na hizo ndizo zinabeba herufi kama s, f na t. Ukizipoteza unaskia mtu anaongea lakini hushiki anasema nini.

Chumba chenyewe pia ni spika. Nyumba mpya za Ruiru ni vigae chini, plasta ukutani na dirisha kubwa la kioo. Piga makofi uskie venye mlio unarudi. Zulia na pazia nzito zitafanya maneno yawe wazi kuliko spika mbili za ziada. Na kama lazima uweke za nyuma, zipande ukutani, sentimita 60 hadi 90 juu ya masikio, mbali na kiti cha mtu yeyote. Waya zipitie kwa ukingo wa ukuta ndani ya kifuniko cha plastiki. Waya ikikatiza mlangoni, siku moja itaangusha mtu mzima.

Sasa tuje kwa besi, na hapa ndio wasee watanichukia. Sisi tumekulia kwa mat za Thika Road. Tumezoea besi ya kugonga kifua, na nganya bila hiyo tunasema imekufa. Lakini kwa nganya abiria anashuka Juja ama Ruiru na stori inaisha. Jirani yako hashuki. Wimbi la sauti la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na ukuta wa ploti hauna nguvu ya kulizuia. Sauti nyembamba zinabaki kwako, besi inaenda kulala na mtoto wa jirani.

Kanuni za kelele za mwaka wa 2009, zenye NEMA inasimamia, zinaweka kiwango cha ndani ya makazi kuwa desibeli 45 mchana na 35 usiku. Na kwa hizo kanuni usiku unaanza saa mbili na dakika moja jioni. Watu wakipiga stori kawaida wanafika karibu 60. Hesabu mwenyewe.

Kwa hivyo sabuwufa isikae kwa kona, ju kona inaongeza besi na kuifanya ivume. Isishike ukuta wa jirani pia. Kutafuta pahali pake kuna mbinu ya zamani: iweke pale unapokaa, cheza wimbo wenye besi, halafu tambaa chumbani ukiskiza. Pale besi iko safi, haivumi, ndipo pake. Ikate kwa hezi 80 hivi, maana chini ya hapo sikio haliwezi kujua vizuri sauti inatoka wapi, so hakuna mwenye atajua umeificha kando ya kiti. Usiku ishushe. Na kama mashine yako iko na hali ya usiku kwa menyu, iwashe: inapunguza milipuko na kuinua minong'ono, na hutashinda na rimoti mkononi.

Kuna mwenye atasema, "Lakini nimenunua na pesa yangu, mbona nisifurahie?" Swali poa. Furahia. Sogeza kochi katikati Jumamosi usiku wakienda kulala, ama vaa hedfoni, dunia yote ikuzunguke. Lakini ukisema umenunulia familia, basi iwe ya familia. Ukiona mzazi ameanza kuuliza, "Amesema nini?" kila dakika mbili, halafu siku ingine anaacha kuuliza na anaenda kulala mapema, jua hiyo seti imemfukuza kwa sebule yake mwenyewe. Hatakwambia. Wazazi wetu wataisifu zawadi hata kama inawaumiza.

Kwa hivyo leo habari za saa moja zikianza, usikae kwa kiti chako. Kaa kwa kile kibaya, cha pembeni kabisa. Weka sauti kiasi cha mtu kuongea na mwenzake bila kupiga kelele. Ukishika kila neno, uko sawa. Usiposhika, usikimbilie rimoti. Inuka usogeze spika.