Mtoto Hapandi Gari Kwenye Kituo cha Mwisho

Kila mwaka, mwezi wa pili na wa tatu, twaona hapa Kabalo jambo moja la kusikitisha. Baba anamshika mkono kijana wake wa miaka 16 au 17, anakwenda naye hata mlangoni kwa prefe wa shule ya sekondari, anasema: “Huyu tumemfundisha nyumbani. Ana akili. Mtie katika kalasi ya mwisho, afanye mtihani wa Serikali.” Akikataliwa, anarudi akinung’unika ati walimu wana majivuno.

Nasema wazi: baba huyo amekosa. Wala simcheki, maana mwaka jana baba huyo alikuwa ndugu yangu, na mwalimu wa nyumbani nilikuwa mimi.

Sisemi kwamba kufundisha nyumbani ni kosa. Vita vya Watwa na Waluba vilipochoma vijiji vya Tanganyika, hasa mwaka 2016 na 2017, shule nyingi ziliteketea na watu mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Aliyemfundisha mtoto herufi chini ya mwembe siku zile alifanya kazi njema mbele ya Mungu. Tena tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipiwi, lakini sekondari bado yalipiwa, na mzazi mwenye watoto sita ajua maana yake. Mtoto wa ndugu yangu alipata cheti cha msingi katika kituo cha kurudishia masomo, ambako madarasa sita husomwa kwa miaka mitatu. Baadaye fedha ikakosa. Nikasema: “Mlete kwangu, mimi nimesoma seminari.”

Miaka minne nilimfundisha jioni kwa jioni: hesabu, historia, Kifaransa, hata Kilatini kidogo. Majirani walimsifu, nami nilipokea sifa hizo kana kwamba ni zangu. Kumbe nilimfundisha yale niyapendayo mimi! Kemia sikumfundisha, kwa sababu siijui. Hesabu tulizifanya kwa Kiswahili, na mtihani huulizwa kwa Kifaransa. Hakuna aliyenipima, na mwalimu asiyepimwa hujidanganya upesi.

Basi tuutazame mtihani wenyewe. Ulianzishwa mwaka 1967, na mtoto wa Kabalo hupimwa kwa mizani ile ile ya mtoto wa Kinshasa. Kwanza kuna insha ya Kifaransa, tena mazoezi ya seksio mbele ya watahini. Halafu siku nne za maswali, ambapo mtoto huchagua jibu moja kati ya mengi, na saa haimngoji. Zaidi ya hayo, kila mtoto huulizwa masomo ya seksio yake, iwe ualimu, biashara au sayansi. Seksio huingiwa baada ya mwaka wa nane, nayo husomwa miaka minne ya humanite. Mtoto wetu alikuwa na seksio gani? Hakuwa nayo. Tulitaka avune shamba ambalo hakulipanda.

Prefe wa kwanza alituuliza: “Buletini zake ziko wapi? Majina ya watakaofanya mtihani yamekwisha kupelekwa.” Tukatoka na hasira. Mahali pengine mtu mmoja alitunong’oneza: “Leteni fedha, buletini zitapatikana.” Fedha aliyotaja ilikaribia karo ya mwaka mzima! Ndugu yangu alitaka kukubali. Nami katekista, ninayewafundisha watoto amri ya nane, nilinyamaza usiku kucha. Asubuhi kijana mwenyewe akasema: “Baba mdogo, wakiniuliza mwaka wa kwanza wa humanite nilisoma wapi, nijibu nini?” Neno hilo lilinichoma kuliko mahubiri yote niliyoyasikia mwaka ule.

Sisi wa Kabalo tumekaa kwenye njia panda ya reli: moja yaenda Kalemie, nyingine Kongolo, nyingine Kamina. Twajua mtu anayepanda gari karibu na kituo cha mwisho kisha ajidai ametoka mbali. Mkagua tiketi humjua. Na hata mkagua tiketi asipomjua, yeye hajaiona njia.

Wengine husema: “Ana miaka 17, ataaibika kukaa na wadogo.” Aibu ya namna hiyo huisha kwa juma mbili. Aibu ya diploma ya kununua haiishi, maana kila siku kazini itamuuliza yale asiyoyajua. Wengine husema: “Serikali imewafungulia mlango wanaojisomea peke yao.” Ni kweli, lakini hao nao hupita kwanza katika jaribio la awali, na mlango huo wafaa mtu mzima aliyejipanga kwa vitabu na kwa muda. Usiufanye kichaka cha kumfichia mtoto uliyemchelewesha. Wengine watasema fedha haipo. Hapo ndipo penye uchungu, wala siwezi kuupuuza. Lakini kama fedha ni ya miaka michache tu, itumie mapema, aingie mwanzoni mwa njia. Mtoto aliyekwisha kuingia, padri, shangazi na majirani waweza kumsaidia aendelee. Asiyeingia, hakuna ajuaye amsaidie wapi.

Nanyi wakuu wa shule, neno lenu lipo. Kumkataa mtoto mwezi wa tatu ni haki yenu. Lakini akija Septemba, na cheti chake cha msingi mkononi, msimfukuze kwa sababu alikimbia vita au alisoma kwa taa ya nyumbani. Mpimeni, mwekeni kalasi inayomfaa. Tangu mapatano ya mwaka 1977 shule nyingi za Serikali zimo mikononi mwa Kanisa. Mlango wa shule hizo ukifungwa mbele ya mkimbizi, tutahubiri nini Dominika? Na wale wanaouza buletini wajue kwamba wanauza miaka ya mtoto wa mtu.

Wazazi wapenzi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliye na mtoto nyumbani asingoje mwaka wa mtihani. Ampeleke mwanzo wa mwaka wa masomo, mwanzo wa mwaka wa saba au wa nane, apimwe na wengine, apate buletini ya kweli, achague seksio kwa macho yake.

Kijana wetu aliingia mwaka wa nane Septemba iliyopita. Goti lake halienei chini ya dawati. Katika Kifaransa ni wa kwanza, katika kemia ni wa mwisho. Jioni huja kwangu na daftari lake la kemia, nasi twaanza wote wawili ukurasa wa kwanza.