Nafuu ya Riba Si Kupona Deni

Kati ya Agosti 2024 na Desemba 2025, Benki Kuu ya Kenya ilishusha riba yake ya msingi hatua kwa hatua, kutoka asilimia 13 hadi asilimia 9. Si ajabu basi kwamba walimu wengi walionunua au kujenga nyumba kwa mkopo wanaulizana swali moja: je, wauhamishe mkopo huo hadi benki nyingine yenye riba ya chini?

Jibu linalosikika katika matangazo ni fupi: hama, upate nafuu. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza maneno, naomba tulitazame neno hilo. Mswahili akisema mgonjwa amepata nafuu, hamaanishi kwamba amepona. Maumivu yamepungua, ugonjwa ungalipo. Ndivyo ilivyo nafuu ya benki.

Tuchukue mfano. Mwalimu amebakiwa na deni la Sh3 milioni, la kulipwa kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 16. Kila mwezi analipa takriban Sh44,060. Akihamia penye asilimia 13 na kushika muda ule ule wa miaka 15, atalipa kama Sh37,960. Ataokoa Sh6,100 kwa mwezi, na zaidi ya Sh1 milioni kufikia mwisho wa deni. Hiyo ni faida ya kweli.

Lakini aghalabu benki mpya humshawishi aanze upya kwa miaka 20. Malipo hushuka hadi Sh35,150, naye hufurahi zaidi. Hebu basi na azidishe kwa miezi 240. Atakuta atalipa takriban Sh8.44 milioni, ilhali katika mkopo wa zamani angalilipa Sh7.93 milioni. Riba imepungua, malipo ya mwezi yamepungua, na bado deni limemgharimu nusu milioni zaidi! Wahenga hawakukosea waliposema kukopa harusi, kulipa matanga.

Kuhama nako kuna gharama. Nyumba huthaminiwa upya, wakili hulipwa, dhamana ya zamani hufutwa na mpya kusajiliwa kwa ushuru wa stempu, na huenda benki ya kwanza ikadai ada ya kuvunja mkataba mapema. Tuseme jumla ya yote ni Sh150,000. Ukiigawa kwa zile Sh6,100, utahitaji takriban miezi 25 kuirejesha. Anayenuia kuiuza nyumba kabla ya hapo hana sababu ya kuhama.

Yupo pia anayerefusha muda ili apate nafasi katika hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara, na nafasi hiyo ikipatikana, mara hujazwa na mkopo mwingine. Huko ni kuifanya nyumba ilipie gari, na gari likichakaa, nyumba ingali rehani.

Isitoshe, riba nyingi nchini hupanda na kushuka. Sheria ya 2016 iliziwekea mabenki kikomo, nacho kikaondolewa mwaka wa 2019. Anayeivutiwa asilimia ya leo na aulize: imefungwa kwa miaka mingapi, na baada ya hapo itafuata nini? Baadhi ya benki na vyama vya akiba na mikopo hupata fedha kutoka shirika la KMRC, lililoundwa mwaka wa 2018 ili wakopeshaji waweze kutoa mikopo ya nyumba ya muda mrefu kwa riba nafuu. Inafaa kuuliza huko pia.

Kwa maoni yangu, hatua ya kwanza si kuhama. Mwalimu na aiandikie benki yake barua, aombe riba ipunguzwe na muda ubaki ulivyo. Benki isiyotaka kumpoteza mteja mwaminifu itamsikiliza. Ikikataa, basi ahame, mradi muda usirefuke na gharama zirudi mapema. Na kama kipato kinamruhusu, aendelee kulipa kiasi kile kile cha zamani, ili ziada ipunguze deni lenyewe.

Nanyi wanafunzi, mnaolalamika kwamba hesabu za riba hazina kazi maishani, zishikeni vyema. Siku moja zitawalindia paa.