Risasi ya Kwanza Mpakani Busia

Katikati ya Desemba 1987 askari wa Uganda na wa Kenya walirushiana risasi mpakani Busia. Watu walipoteza maisha na mpaka ukafungwa. Ni nani aliyefyatua risasi ya kwanza? Nairobi ilisema ni Waganda. Kampala ikasema ni Wakenya. Tarehe 28 mwezi huo huo Marais Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walikutana Malaba, wakakubaliana kuyaondoa majeshi mpakani. Swali lenyewe halikupata jibu moja.

Kila upande ulikuwa na hadithi yake hata kabla ya risasi kulia. Wakenya walikumbuka Februari 1976, Idi Amin alipodai kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Dai hilo lilikuwa na chembe ya kweli, nayo ndiyo iliyolipa nguvu: mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kwamba nchi huru za Afrika zilikwisha kuafikiana mjini Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, ni jambo lisilosimuliwa sana vilabuni. Kampala nayo iliwahofia waasi waliovuka mpaka, na Kenya ikailaumu Uganda kwa kuwahifadhi wapinzani wake. Katika hali hiyo, mtu mwenye bunduki gizani haoni kivuli. Humwona adui aliyekwisha kusimuliwa.

Mwaka huo huo Tororo ilishuhudia somo kali zaidi. Wafuasi wa Alice Lakwena walipita huko wakielekea Jinja, wakiimba nyimbo za dini. Waliaminishwa kwamba wakipakwa mafuta yaliyobarikiwa risasi haitawadhuru, na kwamba mawe waliyoyarusha yangelipuka kama mabomu. Walikatazwa kujificha nyuma ya mti au kichuguu. Tusiwacheke, babu zetu wa Maji Maji waliikabili mizinga ya Wajerumani mwaka 1905 kwa imani ya namna hiyo. La kuzingatia ni hili: mwenzao alipoanguka, imani haikuanguka naye. Ilisemwa kuwa marehemu alivunja mojawapo ya masharti ishirini, pengine aliiba au alikunywa pombe. Hivyo kila maiti ikageuzwa kuwa ushahidi kwamba mafuta yanafanya kazi. Walishindwa karibu na Jinja. Lakwena akakimbilia Kenya, akakamatwa mwishoni mwa mwaka.

Ndugu zetu askari na polisi watasema kuwa hao walikuwa wakulima waliodanganywa. Je, sisi wenye sare tu salama? Polisi aliyekwisha kuamini kuwa kila kijana wa bodaboda avukaye na gunia ni mlanguzi, akimpekua asimkute na kitu, husema amekwisha kukificha. Hayo ni yale yale masharti ishirini. Nasi wa idara ya uhusiano wa jeshi hatuna budi kukiri kwamba taarifa tuziandikazo ni hadithi pia. Tunachagua cha kutanguliza na cha kunyamazia, na siku za msukosuko tunaandika kabla ya kuuliza. Ofisa wa upande wa pili naye anafanya vivyo hivyo, kwa moyo safi kabisa.

Tangu 2018 kipo Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Ni hatua njema. Hata hivyo uvumi hauna haja ya hati ya kusafiria. Ukizuka sokoni asubuhi, adhuhuri umekwisha kufika kila meza.

Basi tumfikirie mlinzi wa upande wa Kenya, zamu ya usiku. Mlio umesikika. Anafungua kitabu cha matukio na kalamu iko mkononi. Anaweza kuandika, "Waganda wamefyatua risasi." Au aandike, "Saa nane usiku nimesikia mlio mmoja kutoka magharibi, sikumwona mpigaji." Mkuu wake anangoja kwenye simu.